Wageni wa Simu na Kilima cha Mzee Polikarpo

Wanangu mnaokaa kwenye vile viti vinavyozunguka, hedifoni kichwani na kompyuta mbele yenu: wiki iliyopita mlikuja nyumbani kwangu watano, mkanipa shikamoo vizuri, mkala mahindi ya kuchemsha, kisha mkaniuliza swali moja kwa namna tano. Mmesikia kampuni yenu inauzwa kwa wawekezaji wengine kutoka nje, na mnataka kujua kama mtafukuzwa. Mmoja wenu alisema, "Bibi, wewe ulipitia haya, tuambie tu." Siku ile niliwajibu juu juu kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Leo nimekaa.

Kama mtafukuzwa, sijui. Sitawadanganya. Ninachoweza ni kuwasimulia jinsi mimi nilivyofukuzwa, nilivyorudi, na jinsi mzee aliyenifundisha kazi alivyokaa miaka miwili bila kunisemesha, mpaka nikamfuata kwake Mpui.

Nilianza kazi ya simu hapa Sumbawanga nikiwa msichana wa miaka ishirini. Ofisi ilikuwa ya serikali, na simu zote za mbali zilipitia kwenye bodi moja yenye matundu mengi. Mtu akitaka kuzungumza na Mbeya alikuja dirishani, akaandikisha namba, akaenda kukaa kwenye benchi. Akibahatika alipata laini kabla ya chakula cha mchana. Asipobahatika alirudi kesho yake. Wazoefu walikuja na chakula chao na sweta, maana mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchomeka waya kwenye tundu la huyu na tundu la yule, kisha kuhakikisha wanasikilizana. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila nilipomwunganisha na mkubwa wake wa kazi alivua kofia kwanza, akaibana kwapani, ndipo akashika simu.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Polikarpo. Alianza kama fundi wa nguzo, akapanda nguzo kuanzia hapa mpaka Matai na kuendelea, na alipochoka miguu ndipo akaletwa kwenye bodi. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: kabla ya kumsikiliza mtu, isikilize laini. Mvua ikinyesha njiani utasikia kama mafuta ya kukaangia. Ng'ombe akijikuna kwenye nguzo, laini inakatakata kama mtu anayekohoa. Mti ukiangukia waya, unabaki mvumo wa mbali. Waya ukiibwa husikii kitu chochote, hata pumzi. Nilidhani ananitania. Baada ya mwaka mmoja niliweza kumwambia fundi aende upande gani kabla hajatoka ofisini.

Nyinyi hamna haja ya kusikiliza ng'ombe. Lakini nimewaona mkimkatiza mteja kabla hajamaliza kueleza shida yake, kwa sababu kompyuta imeshawaonyesha jibu. Mwacheni amalize. Mara nyingi shida yenyewe iko kwenye maneno ya mwisho.

Kosa langu kubwa lilitokea mwaka wa pili. Simu ilitoka Mbeya, laini ikiwa mbaya, ya kumtafuta Kristofa wa Sumbawanga aambiwe kwamba mama yake amefariki. Mimi nilimjua Kristofa mmoja tu, fundi cherehani wa karibu na soko, nikamtuma tarishi akamwite. Kristofa alikuja, akasikia neno la msiba katikati ya kelele za laini, akaachia simu ikaning'inia. Jioni nyumba yake ilishajaa watu. Asubuhi walipanda lori kwenda kijijini kwao, upande wa Matai, kuzika. Walipofika walimkuta mama yake shambani akichuma maharage. Aliliona lori limejaa watu wanaolia, mwanawe akiwa mbele yao, akauliza ni nani amekufa. 

Mkicheka, chekeni, hata wao walicheka baadaye. Lakini kulikuwa na Kristofa wa pili, mtunza ghala la mahindi, na marehemu alikuwa mama yake huyo. Alipata habari siku moja baadaye. Alifika kwao wameshazika.

Nilitaka kumpigia simu ya ghalani nimwombe radhi. Mzee Polikarpo aliniondoa kwenye bodi. "Opereta haombi msamaha kwa simu," alisema. Akavaa koti, tukaenda naye kwa miguu, na kule ghalani alisimama nyuma yangu kimya mpaka nilipomaliza kusema yote mwenyewe. Kristofa yule alinitazama, akasema amesikia, akarudi kwenye magunia yake. Mzee hakuniandikia barua ya onyo. Tangu siku ile, kabla sijaunganisha simu, niliuliza jina la baba, mtaa na kazi ya mtu, hata kama ni mtu ninayesali naye.

Sasa nije kwenye wageni.

Habari zilianza kama zinavyoanza kwenu, kwa minong'ono. Tukasikia serikali imefungua milango, kwamba huduma ya simu haitakuwa tena ya shirika moja, kampuni kutoka nje zitaruhusiwa kuingia na mitambo yao isiyohitaji waya. Kisha wakubwa wakaja kutoka Dar es Salaam, wakatukusanya, wakatueleza kwa upole kwamba bodi itazimwa. Waopereta tulikuwa watano, wanawake watupu. Mafundi wa nguzo walikuwa sita. Mume wangu alikuwa ameshafariki na nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nilisikia mpaka lile neno "kupunguzwa," mengine yote yakanipita.

Mzee Polikarpo aliomba kusema. Hakupandisha sauti. Alisema hapingi mitambo mipya, ila anawajua watu wanaofuata faida. Watachukua mjini, alisema, na bonde wataliacha. Alikuwa na maana ya watu wa Mtowisa na vijiji vya chini kule, kwenye joto, karibu na Ziwa Rukwa, ambako hata waya wetu haukuwahi kufika. Wakubwa waliandika kwenye madaftari yao. Mwezi uliofuata tulifunga.

Baada ya miezi michache kampuni ya kigeni ilifungua duka hapa mjini, ikatangaza inatafuta mtu wa kuhudumia wateja. Nilipeleka barua. Waombaji wengine walikuwa watoto wadogo kwangu, wamevaa tai. Nilipoulizwa ningemfanyia nini mteja mwenye hasira, nilisema ningemwuliza jina la baba yake. Walidhani ni mzaha, wakacheka, nikapata kazi.

Siku niliyoanza, Mzee Polikarpo alipita nje ya duka akaniona ndani nimevaa fulana yao yenye rangi kali. Nilitoka mbio kumwamkia. Aliendelea kutembea kana kwamba nimemwamkia mtu mwingine. Wiki ile ile alihamia kwao Mpui kulima ulezi na mahindi. Kila alipokuja mjini aliwasalimia watu wote wa mtaa ule isipokuwa mimi. Iliniuma kuliko kufukuzwa.

Na kazi mpya niliipenda, ndiyo shida. Mtu aliingia dukani, akanunua laini na vocha, akakwangua, akazungumza na mwanawe aliye Mwanza kabla hajafika mlangoni. Mara ya kwanza kuona vile nilikwenda stoo nikasimama peke yangu. Nililikumbuka benchi. Nilijiuliza mama wangapi walikaa pale siku nzima, wakarudi nyumbani bila kusikia sauti waliyoifuata.

Injinia wa kampuni katika kanda yetu alikuwa Mmisri, jina lake Tarek. Alikuwa mrefu, mwenye adabu, na aliteswa na baridi ya kwetu Ufipa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ndani ya ofisi alivaa makoti mawili. Alijifunza Kiswahili haraka kwa sababu alikuta baadhi ya maneno ni ya kwao. Akisikia "kitabu" au "dakika" alifurahi kama aliyekutana na ndugu yake sokoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini sikupata nafasi.

Kilichonikosesha raha ni maneno ya Mzee Polikarpo kutimia. Minara ilijengwa mjini na kando ya barabara kuu, na bonde likabaki vile vile. Watu wa Mtowisa waliokuja mjini kuuza mpunga walinunua simu kwangu, wakishuka nazo zinakufa. Mmoja wao alikuwa Felista, muuguzi wa zahanati moja ya huko bondeni. Akiwa na mama mjamzito aliyezidiwa, ilimbidi apande mlimani saa nzima mpaka kwenye mwamba mmoja ambako simu ilishika kidogo, aite gari. Alikuja dukani, akaiweka simu yake mezani mbele yangu.

"Mmeniuzia redio isiyo na stesheni," alisema.

Nilimfikishia Tarek. Alinionyesha ramani zake. Kumbe hakuwa amelala. Leseni waliyopewa na serikali iliwataka wafike na vijijini, na mtambo wa bondeni ulikuwa umeshaletwa, uko ghalani. Tatizo lilikuwa mahali pa kuuweka. Walishajaribu sehemu mbili juu ya ukingo wa milima, na zote mbili mwamba uliziba mawimbi yasishuke. Wakubwa wake walimwambia kama hatapata mahali kabla ya mvua kuanza, mtambo utapelekwa mkoa mwingine. Akaongeza, macho yakiwa kwenye ramani, kwamba bila wateja wa bonde, hata duka la Sumbawanga lenyewe huenda likafungwa.

Nilikumbuka kitu. Zamani, kabla sijaajiriwa, Mzee Polikarpo aliwahi kuwafungia wamisionari redio ya upepo, ile ya kuitana bila waya, iliyosikika mpaka bondeni. Alitusimulia siku za mvua, kazi ikiwa haba. Mahali penyewe hakuwahi kupataja.

Ningeweza kumtumia ujumbe. Nilikwenda mwenyewe.

Nilimkuta uani anaezeka upya kihenge chake cha ulezi. Nikamwamkia. Alimalizia kufunga kamba aliyoishika, taratibu, mpaka fundo la mwisho.

"Marahaba," alisema. "Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja na gari la kampuni, mzee. Nimeliacha barabarani."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kulileta mpaka mlangoni kwako."

Akatabasamu upande mmoja, akanivutia kigoda. Mkewe alituletea kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, nami nikaeleza yote: mwamba, mvua, mtambo ulioko ghalani, duka. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiisikiliza laini.

"Kwa hiyo sasa wanamtaka yule waliyemtupa," alisema.

"Wao hawakujui, mzee. Anayekujua ni mimi."

"Na mimi nikikataa?"

"Mtambo utaondoka. Nami nitafuata jembe. Lakini yupo muuguzi kule Mtowisa anayepanda mwamba saa nzima ili apate gari la mgonjwa."

Alinitazama sana. "Huyo muuguzi ni sababu ya kwanza au ya pili?"

Wanangu, nilikuwa na uwongo mzuri kabisa umeshafika mdomoni. Nikaumeza. "Ya pili," nilisema. "Ya kwanza ni kazi yangu. Watoto bado wanasoma."

"Afadhali," alisema. "Ungeniambia umekuja kwa ajili ya muuguzi tu, ningekuomba umalize kimpumu chako uende." Kisha akamwambia mkewe amtafutie viatu vyake vya zamani vya kazi.

Siku tuliyopanda tulikuwa Tarek, mafundi wake wawili wenye mtambo wa majaribio, Mzee Polikarpo na mimi. Gari liliishia mbali, tukatembea. Felista tulishakubaliana naye awashe simu yake kule zahanati saa sita mchana na asitoke nje. Tarek alitaka twende kileleni kwa sababu ramani ilionyesha ndiko juu zaidi. Mzee alipita kilele akaendelea, akashuka upande wa pili mpaka kwenye bega la kilima, mahali ambapo mtu asingepatazama mara mbili.

Tarek alisema kwa heshima kwamba hapa ni chini mno.

Mzee alimwelekeza kwa fimbo. Kule kileleni, alisema, mwamba umetokeza mbele kama paji la uso, ukisimama juu yake huoni kilicho chini ya pua. Hapa ni chini kidogo, lakini hakuna kinachokuzibia. Tarek akasogea ukingoni akatazama. Bonde lote lilikuwa wazi, mashamba ya mpunga, njia za ng'ombe, na ziwa likimetameta kwa mbali. Akawaita mafundi wake waanze kufunga.

Saa sita ilipofika alipiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Fundi mmoja akanong'ona kwamba ni yale yale. Nilichoogopa zaidi wakati ule, naapa, si duka. Niliogopa kwamba nimemtoa mzee wa watu kwenye kihenge chake ili nikamwaibishe mbele ya wageni.

Mzee Polikarpo hakuonekana kusumbuka. Aliuliza ile antena imeelekezwa wapi. Akaambiwa kijijini, sawasawa kabisa kwa mujibu wa kipimo. Akasema waigeuze kushoto kidogo, ielekee kwenye ule mgongo wa mchanga mweupe, kwa sababu hapa kati upo mwinuko mdogo ambao kwa macho hauonekani, yeye ulimsumbua siku tatu enzi zake. Mafundi wakamtazama Tarek. Tarek akatikisa kichwa kukubali. Wakageuza.

Simu ikaita. Ikaita mara ya pili.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Felista, safi. "Haloo, nani mwenzangu?"

Tarek alimpa mzee simu kwa mikono miwili.

"Mama, unanisikia?" Mzee Polikarpo aliuliza. "Laini ikoje?"

"Nakusikia kama uko chumba cha pili, baba."

Aliuliza kama kule chini kuna joto. Akaambiwa joto halina mfano. Akacheka, akashukuru, akamrudishia Tarek simu yake, halafu akaenda kusimama kando akiwa ametupa mgongo. Fundi mmoja alitaka kumfuata ampe maji. Nilimshika mkono nikamzuia. Mimi mwenyewe nilikaa chini kwenye majani. Sikuwa na huzuni wala furaha ya kuruka. Ilikuwa kama mtu amenitua mzigo ambao nilishauzoea kichwani.

Baadaye Tarek alimwuliza kampuni imfanyie nini. Mzee alisema yeye shamba linamtosha. Lakini alikuwa na mafundi sita, waliopanda nguzo zilizooza kwa miaka mingi bila hata mmoja kuanguka. Mnara utahitaji watu wa kuupanda.

Tarek alijibu kwamba hawezi kuahidi, ajira hazimo mikononi mwake, ila atayaandika majina. Mzee akayataja moja moja, pamoja na jina la baba, kijiji, na ubora wa kila mmoja. Nilimsaidia Tarek kuyaandika, nikimtajia herufi.

Sasa sikilizeni ukweli mlioniomba. Kati ya wale sita waliajiriwa wanne. Mmoja aliambiwa umri umepita, na alikufa akiwa na uchungu huo. Wa sita alishaenda Kasanga kuvua, akasema harudi. Kati yetu waopereta watano ni mimi peke yangu niliyerudi kwenye simu. Mmoja alifungua mgahawa, akafanikiwa kunizidi. Wengine wawili walirudi shambani. Wa tano sikuwahi kupata habari zake, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu. Kwa hiyo mtu akiwaambia wageni ni neema tupu, mkatalieni. Akiwaambia ni balaa tupu, mleteni kwangu nimpeleke Mtowisa akamwulize Felista kuhusu ule mwamba.

Na jambo moja la kazi. Wageni huja na ramani, na ramani zao ni nzuri. Ambacho hawana ni yule mtu anayejua mwinuko usioonekana. Mjueni mtu huyo. Na mkienda kumwomba, msimfiche sababu yenu ya kwanza.

Mnara uliwashwa wiki moja kabla ya mvua. Duka likaanza kujaa watu wa bonde, wengine wakinunua simu kabla ya kuuza mpunga wote. Lakini barua kuhusu duka letu haikuja. Wiki zilipita. Kila gari la kampuni liliposimama nje, nilihesabu hatua za dereva mpaka mlangoni.

Ilikuja siku ya soko, foleni ikiwa imefika nje. Dereva aliiweka bahasha mezani pamoja na boksi la vocha, akaondoka. Niliifungua pale pale, kwa sababu nisingeweza kuvumilia tena. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaurudia. Walisema duka linabaki, na wanaongeza mtu mmoja wa kunisaidia. Nikainamisha kichwa juu ya kaunta. Aliyekuwa mbele kwenye foleni alikuwa mzee wa Mtowisa, kanzu imejaa vumbi la safari, na simu mpya bado iko kwenye karatasi yake. Akainama naye, anitazame usoni.

"Mwanangu, umepata habari mbaya?"

"Hapana, baba. Njema," nilisema. Nikajifuta uso kwa ile fulana yenye rangi kali, nikanyoosha mkono. "Lete simu yako. Jina la baba yako ni nani?"